Kabla ya Kuchangia Tiketi ya Mkimbiaji

Binti wa sekondari ana mbio nzuri, vyuo viwili vya Marekani vinamtaka, nasi tumeombwa harambee ya tiketi. Aende kipi?

Tusikimbilie jina. Tumwulize kocha, na majibu yaje kwa maandishi: ufadhili unalipa karo peke yake, au pia chumba, chakula, vitabu na bima ya matibabu? Tena ni wa muda gani? Mara nyingi hutolewa mwaka mmoja mmoja. Mtoto akiumia mguu, nani atalipa mwaka wa pili? Hapo ndipo mashamba huuzwa, jamani.

Chuo kidogo tusikidharau. Sally Kipyego alianzia South Plains, chuo cha miaka miwili huko Texas, ndipo akaingia Texas Tech akasomea uuguzi. Huko alizoa mataji ya vyuo vikuu, na mwaka 2012 akapata medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London.

Binti mwenyewe aulizwe anataka kusomea nini. Wakenya waliopitia timu hiyo nao wapigiwe simu: wangapi walimaliza digrii? Na wakala akidai pesa zake kwanza, kapu la mchango lisipitishwe bado.