Meza ya Mtoza Ushuru

Dominika ya 10 ya Mwaka A



Injili ya leo yamkuta Mathayo kazini kwake Kafarnaumu, akitoza ushuru. Mbele yake, bila shaka, ilikuwapo meza. Nami leo nina habari ya meza ya kuungama.

Ofisini kwangu, hapa Ifakara, ipo meza ya kale ya Kifaransa, aliyotuachia mgeni mmoja aliporudi kwao. Ni ya mbao ngumu, na juu yake imebandikwa ngozi nyembamba yenye mstari wa dhahabu ukingoni. Mafundi wa Paris walitengeneza meza za namna hiyo katika karne ya 18, ili mwandishi apate mahali laini pa kuwekea karatasi. Joto la bonde letu huikausha ngozi ikapasuka, na masika huiletea kuvu. Basi nalikuwa nikiipaka nta kila mwezi.

Masika moja, kabla ya daraja la Kilombero kuzinduliwa mwaka 2018, alikuja mama kutoka kigango cha ng'ambo. Alikuwa amevuka maji yaliyofurika mashamba ya mpunga, kanga zimelowa chapachapa, mikononi ana kibunda. Alipotaka kukitua mezani nikamzuia: "Mama, usiweke hapo, ngozi itaharibika." Akakikumbatia kifuani. Alisimama hivyo, nami nikiendelea kujaza daftari la ubatizo, akieleza kwamba mumewe yu mahututi, anaomba Mpako wa Wagonjwa.

"Kesho asubuhi, mama."

"Haya, Padre."

Alfajiri nikavuka. Nilikuta matanga. Hakuna aliyenilaumu, nilipewa kigoda, nikaletewa uji. Laiti wangenilaumu!

Ndugu zangu, Yesu hakumwagiza Mathayo aisafishe meza yake. Alimwita atoke nyuma yake, kisha akala naye katika meza nyingine, pamoja na watu ambao Mafarisayo wasingeketi nao. Injili hii nimeihubiri mara nyingi, wala sikuwahi kujiuliza mimi niko upande upi wa meza. Nanyi makatekista, mnaoandika majina ya wasiotoa zaka, jiulizeni.

Sasa meza imesukumwa ukutani, na kando yake pana viti viwili. Mwaka uliofuata mama yule alikuja kuandikisha nia ya Misa ya kumwombea marehemu. Kibunda chake kimelowa vile vile, naye amekikumbatia. Nikamsihi aketi, akitue mezani. Akanitazama kwanza. Kisha akakitua.

Ngozi ilibaki na alama ya duara. Seremala asema aweza kuiondoa, nimemwomba aiache.