Hesabu za Mnara Zifanyiwe Wapi?

Mhadhara wa umma uliotolewa Singida mjini



Mtu aliyeko Iguguno akituma picha kwa 4G, mnara hauoni picha. Unapokea mawimbi ya simu nyingi kwa pamoja, na kila wimbi linafika na mwangwi wake: sehemu imekuja moja kwa moja, sehemu imegonga majabali haya yanayouzunguka mji wetu ikachelewa. Waliobuni 4G waliliona hilo mapema. Kabla ya kila alama inayorushwa wakaacha nafasi ya mikrosekunde 4.7 hivi, kwa hiyo mwangwi uliozunguka njia ndefu zaidi kwa kilomita moja na nusu kasoro hauharibu kitu. Majabali ya Singida, kwa kipimo hicho, hayana hatia.

Kazi inaanza baada ya hapo. Katika mkondo wenye upana wa megahezi 20, kila antena hutoa sampuli milioni 30.72 kwa sekunde, nazo lazima zichambuliwe ili kila simu ipate chake. Chombo cha uchambuzi huo ni mgeuzo wa Fourier. Ukiufanya kwa njia ya moja kwa moja kwa sampuli 2,048, unahitaji kuzidisha zaidi ya mara milioni nne. Kwa njia ya haraka waliyoichapisha Cooley na Tukey mwaka 1965, unazidisha mara 11,264 tu. Hesabu hizo zinagawanyika vizuri: alama zote 14 za milisekunde moja, za antena zote, zinaweza kupewa vichakataji tofauti, kila kimoja kikashika yake bila kumsubiri jirani. Ndiyo maana kadi za michoro, zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta na zenye maelfu ya viini vidogo, zilivutia wahandisi wa redio mara tu ilipokuwa rahisi kuziandikia programu za kawaida, kuanzia mwaka 2007.

Ugumu uko kwenye kurekebisha makosa. 4G hutumia misimbo ya turbo, iliyotangazwa na Berrou na Glavieux pamoja na mwenzao mwaka 1993. Msomaji wa msimbo huo hupita biti kwa biti, na kila hatua inataka jibu la hatua iliyotangulia. Hapo ndipo kanuni ya Amdahl ya mwaka 1967 inapouma: ikiwa sehemu ya kumi ya kazi haigawanyiki, hata ukileta vichakataji milioni hutazidi kasi mara kumi. Mkulima wa alizeti wa Ikungi analijua hili bila Amdahl. Watu ishirini watapura kwa siku moja, lakini mashine ya kukamua ikiwa moja, foleni inahamia mashineni.

Wahandisi wamejaribu kuikwepa foleni hiyo. Wanakata kipande kirefu cha biti katika madirisha yanayopishana kidogo, kila dirisha likasomwa peke yake, na usahihi unapungua kiasi kinachovumilika. Isitoshe, shehena kubwa kabisa ya milisekunde moja katika mkondo mmoja wa 4G ya awali, biti 75,376, tayari imekatwa vipande 13. Vipande 13 kwa kadi yenye maelfu ya viini ni kazi ndogo mno. Viini vingi vitakaa bure huku umeme ukiliwa. Kadi hiyo inaanza kustahili gharama yake pale tu inapohudumia minara mingi kwa mpigo. 5G ilichukua njia nyingine kabisa: kwa data ilibadilisha msimbo wenyewe, ikachukua ule wa Gallager wa miaka ya 1960, ambao hesabu zake hugawanyika kwa urahisi zaidi. Kwangu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika historia hii. Wazo lilikaa miongo mingi likisubiri mashine ya kulibeba.

Sasa, ikiwa kadi inataka minara mingi, kwa nini tusikusanye hesabu za Manyoni, Mkalama na Iramba, tukazipeleka kwenye jengo moja Dar es Salaam? Nasikia wazo hili mara kwa mara, na nalipinga kwa sababu moja: saa. Katika 4G, simu ikirusha, mnara unatakiwa kujibu umepokea au haukupokea katika milisekunde ya nne. Kwa kazi yote unabaki na milisekunde tatu hivi. Mwanga ndani ya mkongo hukimbia kilomita 200 kwa milisekunde. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa barabara ni karibu kilomita 700. Kwenda na kurudi ni milisekunde saba, kabla kichakataji hakijagusa namba hata moja. Dodoma, kilomita 240 hivi, inakula milisekunde 2.4 na kukuachia makombo. Manyoni na Singida mjini, walio karibu zaidi, wanaweza kusaidiana. Na mzigo wenyewe si haba: sampuli ghafi za antena moja hudai gigabiti 1.2 za mkongo kila sekunde, hata usiku wakati hakuna anayepiga simu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba vichakataji vya pamoja vikae hapa mkoani, na kwenda mbali ziende zile kazi zisizo na haraka: ankara, takwimu, upangaji wa masafa. Mnara wa pembezoni unaotegemea sola ubaki na chipu yake maalumu inayokula umeme kidogo. Kadi ya michoro huko itamaliza betri kabla ya alfajiri.

Wapangaji wazingatie pia siku ya hitilafu. Tuseme hesabu zetu ziko Dodoma, kisha mkongo ukatike Manyoni na mawasiliano yazungushwe kupitia Babati na Kondoa. Njia hiyo inazidi kilomita 400, yaani zaidi ya milisekunde nne kwenda na kurudi. Anayesoma barua pepe kwa intaneti ya waya hatatambua lolote. Mnara wa simu, ambao ubongo wake uko upande wa pili wa mzunguko huo, utakuwa na umeme, antena nzima na mkongo unaofanya kazi, na hautaweza kumjibu mtu yeyote kwa wakati.