HII SI “CHANGAMOTO”, NI MTEGO

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakulima wa mahindi, Sumbawanga)



Leo sikuja kugawa ahadi. Nimekuja tutafute neno moja tu, maana ukikosea jina la ugonjwa utakunywa dawa isiyo yako.

Hali ya mkulima wa Ufipa mnaijua. Unakopa mbolea. Ukivuna, mwenye deni keshafika uwanjani. Unauza kwa bei ya kutupa, tena kwa lumbesa, ilhali kanuni za vipimo zinasema gunia lisizidi kilo 100. Januari ghala ni tupu, watoto wanataka sare na madaftari, na wewe unanunua mahindi yale yale kwa bei ya kuruka. Kisha unakopa tena mbolea. Usipolima, utakula nini? Ukilima, unalima deni!

Hali hii tuiiteje?

Wakubwa wanaiita “changamoto”. Changamoto humwamsha mtu ajitahidi. Mkulima gani hapa hajajitahidi?

Wengine wanasema tuko “njia panda”. Kwenye njia panda mtu anachagua. Wewe umeachiwa uchague nini?

Wapo wanaosema ni “janga”, kazi ya Mungu. Mungu alileta mvua, mahindi yakastawi! Mwaka 2011, na tena 2017, mahindi hayakuzuiwa na nzige wala ukame. Serikali ilipiga marufuku kuyauza nje, na Kongo iko ng’ambo ya Ziwa Tanganyika tu. Ilisema inalinda chakula cha nchi. Sawa, lakini gharama ya ulinzi huo alibebeshwa nani? Marufuku iliondolewa baadaye, wakati aliyebanwa na deni keshauza kwa hasara.

Na wapo wanaonong’ona kuwa ni uchawi. Jina la mji huu, kwa Kifipa, linatuambia tuutupe uchawi. Basi tuutupe!

Neno langu ni MTEGO. Mtego hauoti kama uyoga, una aliyeutega. Aliyenaswa akivuta, kamba inakaza, kama vile unavyozidi kulima na deni likazidi. Lakini Kiswahili chetu kina siri yake: kinachotegwa huteguliwa. Hata watoto wanajua kwamba kitendawili kikitegwa, sharti kiteguliwe.

Tuanzie hapa. Kwanza, mizani: asiyetaka kupima aondoke na magunia yake matupu. Pili, tuweke mahindi ghalani kwa pamoja, tusiuze mmoja mmoja gizani kwa mlanguzi. Tatu, tuidai Serikali, awe nani madarakani, Wakala wa Hifadhi ya Chakula utangaze bei mapema, na mipaka isifungwe wakati jasho letu limekwisha kumwagika.

Mwenye changamoto hupewa semina. Aliye mtegoni hudai kamba ikatwe. Kwa hiyo akija mgeni rasmi akawauliza hali, msimjibu “changamoto ndogondogo tu, mheshimiwa.” Mwambieni: tumetegwa, na tumeanza kutegua.