Shtaka la Unyang'anyi na Haja ya Wakili



Kamati imetuagiza tuseme nanyi juu ya jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia mkutanoni, nalo ni vijana wetu wanaoshtakiwa kwa unyang'anyi. Mwaka huu jambo hilo lilifika mlangoni petu, na sisi tuliokabidhiwa daftari na fedha za chama tulikosea.

Kwanza tufahamu maneno. Mtu akichukua mali ya mwenziwe kwa siri, huo ni wizi. Akiichukua kwa kumpiga au kumtisha, huo ni unyang'anyi, nao katika kifungu cha 296 cha Sheria ya Makosa ya Jinai waweza kumfunga miaka 14. Lakini sehemu ya pili ya kifungu hicho yataja mambo matatu: kuchukua silaha ya hatari, au kuwa pamoja na mtu mwingine, au kumjeruhi ama kumpiga mtu. Hapo adhabu iliyoandikwa ni kifo. Tafadhalini, wazee, litazameni neno hilo dogo "au". Wengi hudhani ni lazima yote matatu yapatikane. Sivyo, moja latosha. Vijana wawili wasio na hata fimbo, wakimtisha mpita njia na kumpokonya simu, wamekwisha kuingia humo.

Ni kweli Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Ni kweli pia kwamba mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo. Lakini mwaka 2021 Mahakama iyo hiyo ilieleza kuwa uamuzi ule ulihusu mauaji, wala si unyang'anyi.

Sasa habari yetu. Kijana wa mwanachama mmoja alikamatwa pamoja na wenziwe wawili. Tulichanga, kisha sehemu kubwa ya mchango tukampa mtu aliyedai kujuana na wakubwa. Hatukumwona tena. Wazee nao, kwa nia njema, walimwendea mlalamikaji na mbuzi wawili kutaka suluhu. Katika makosa madogo mahakama yaweza kuwapatanisha watu, bali shtaka la namna hii ni la Serikali, wala halifutwi kwa msamaha wa aliyenyang'anywa. Tena mbuzi wale wangeweza kutajwa kortini kuwa dalili ya kukiri.

Wakati huo kijana alisimama kizimbani peke yake. Mashahidi wawili walisikizwa, naye alipoulizwa kama ana maswali, alijibu, "Sina." Hakujua kuwa kesi yenyewe ilikuwa hapo. Shahidi alisema alimtambua usiku. Je, palikuwa na taa? Alikuwa umbali gani? Alimtazama kwa muda gani? Aliwaeleza polisi sura yake kabla ya gwaride la utambulisho? Tangu miaka ya 1950 mahakama za Afrika Mashariki zimeonya juu ya shahidi mmoja amtambuaye mtu katika hali ngumu, lakini onyo hilo halimfai sana asiyejua kuuliza. Simu nayo ilionekana kwake, na mali iliyoibwa karibuni ikionekana kwa mtu, mahakama hutaka kujua aliipataje.

Wakili tuliyempata mwishowe aliomba mashahidi hao waitwe tena, na hakimu akakubali. Hatusemi zaidi, kwa kuwa shauri lingali likisikizwa.

Mzee mmoja alituuliza kama chama sasa kinalea wezi. Swali lake ni la haki, kwani fedha hizi ni za wajane na mazishi pia. Tulimjibu kwamba sisi hatujui kama kijana yule alitenda, na mzee pia hajui; aliyepewa kazi ya kujua ni hakimu, naye hupima yale tu yaliyoletwa mbele yake.

Basi mtu wenu akikamatwa, njoni ofisini siku iyo hiyo. Katiba ya mwaka 2010 yampa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha aifahamuyo, kunyamaza, kuonana na wakili, na kufikishwa kortini kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa zikiisha siku ambayo korti haiketi. Asiyejiweza aweza kuomba wakili wa Serikali, ikiwa pasipo wakili atadhulumiwa sana. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 yaonyesha njia. Akihukumiwa, rufaa hupelekwa ndani ya siku 14. Karani atawaandikia barua bila malipo.

Kamati yaomba mfuko wa mawakili uwe na daftari lake mbali na la mazishi, na senti isitoke pasipo stakabadhi ya wakili mwenyewe. Pendekezo hilo liko mezani kwa Mweka Hazina, nasi twaomba lipigiwe kura leo.