Seli za Mafuta, Jeni na Kisukari: Maelezo kwa Wakazi wa Kibera na Kawangware



Katika mitaa hii kisukari huzungumzwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema ni ugonjwa wa wanene na matajiri. Wapo pia ambao mama au nyanya yao aliugua, nao husema, "Hii iko kwa damu yetu, hakuna la kufanya." Kauli zote mbili huwachelewesha watu kwenda kupimwa.

Uchunguzi uliofanywa Kibera mwaka 2010 uliwapima watu wazima zaidi ya 2,000. Takribani 5 kati ya kila 100 walikuwa na kisukari. Kati ya waliokutwa na presha ya juu, ni kama mmoja tu kwa kila watano aliyejua kwamba anayo.

Ili kuelewa chanzo, ni vyema kuanza na mafuta ya mwili. Seli za mafuta ni kama mtungi wa maji nyumbani. Chakula kinapozidi mahitaji, ziada huwekwa humo. Mtungi ukiwa na nafasi, hakuna madhara. Ukijaa, maji humwagika sakafuni. Vivyo hivyo, mafuta yakikosa nafasi chini ya ngozi huingia kwenye ini na misuli. Hapo insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, hushindwa kufanya kazi yake vizuri, na sukari hubaki kwenye damu.

Jeni ndizo zinazochangia ukubwa wa mtungi huo. Jeni moja, PPARG, huamrisha seli changa kugeuka kuwa seli za mafuta. Watu wachache ambao jeni hiyo ina hitilafu kubwa hukosa mafuta ya kutosha mikononi na miguuni, na huweza kupata kisukari na presha mapema maishani. Kwa hiyo mtu mwembamba naye anaweza kuugua, na mnene mwingine akakaa miaka mingi bila ugonjwa.

Jeni nyingine ni FTO. Mwaka 2007 watafiti nchini Uingereza walionyesha kwamba waliorithi aina fulani ya jeni hiyo kutoka kwa baba na mama walikuwa na uzito wa ziada wa kilo 3 hivi, kwa wastani. Mwaka 2015 ikabainika kwamba sehemu hiyo ya jeni huzielekeza seli changa za mafuta kuweka nishati badala ya kuichoma. Lakini uchunguzi wa mwaka 2011, uliojumlisha takwimu za watu wazima zaidi ya 218,000, ulionyesha kwamba kwa wanaofanya mazoezi athari ya jeni hiyo kwa unene hupungua kwa zaidi ya robo. Jeni hurithiwa, lakini mwenye mwili bado ana nafasi ya kubadilisha mambo.

Nairobi nayo imechangia elimu hii. Wakazi wa Korogocho na Viwandani walijitolea kupimwa na kutoa damu katika mradi wa AWI-Gen, unaochunguza jeni na magonjwa ya moyo na sukari kwa Waafrika kutoka Kenya, Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini.

Kipimo cha kwanza hakihitaji pesa. Chukua uzi, upime urefu wako kutoka kisigino hadi utosini, kisha uukunje mara mbili. Uzungushe kiunoni. Ukishindwa kufika, mafuta yamezidi tumboni, na inafaa kupima sukari na presha. Aliye na mzazi au ndugu mwenye kisukari apimwe hata kama uzi umefika.

Anayetembea kutoka Kawangware hadi kibaruani Lavington tayari anafanya mazoezi; asiyaache. Soda na mandazi ya kila siku vipunguzwe. Sukuma wiki, maharagwe na githeri viongezwe.

Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupima sukari na presha. Mhudumu akibisha hodi, mkaribisheni, na kila mtu mzima nyumbani apimwe, mnene kwa mwembamba.