USIKU WA KUAGANA UGENINI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wachimbaji, wachongaji na wasuguaji wa mawe, Nyamarambe)



Tangu turudi kutoka Mwanza wengi wenu mmekuwa mkituuliza, "Mmetuletea nini?" Swali hilo ni la haki, kwa maana nauli yetu ilitoka katika michango yenu. Basi leo twataka kulijibu. Hatutasimulia ukubwa wa mji wala uzuri wa ziwa. Tutasema habari za usiku mmoja tu, yaani usiku wa mwisho, kwa sababu yale yenye faida tuliyapata usiku ule.

Mgeni akifika, mwenyeji humwonyesha vilivyo vizuri na kuvificha vibaya. Mgeni naye hufanya vivyo hivyo. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini hawakutuambia usiku wa kuagana apewe nini. Sisi twasema apewe ukweli. Usiku ule watu wamekwisha kuzoeana, haya imepungua, na kila mtu ajua kwamba neno asilolisema sasa huenda asilipate tena nafasi ya kulisema.

Tulikuwa watu watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Tulivuka mpaka Isebania, tukaingia Sirari, tukapita Tarime na daraja la Kirumi juu ya Mto Mara, kisha Bunda na Magu, hata tukafika Mwanza jioni. Wenyeji wetu walikuwa wavunja kokoto. Ninyi mwajua kwamba Mwanza ni mji wa miamba. Nyumba zimejengwa juu ya majabali, na katika vilima vile wanaume na wanawake hukaa na nyundo kutwa wakivunja mawe ya kujengea. Wao jiwe lao ni gumu, letu hapa Tabaka ni laini. Wao huuza kwa wenye malori, sisi twauza kwa wenye maduka ya vinyago. Lakini tulipokaa kuhesabu tukaona jambo moja: kwao na kwetu bei hutajwa na mnunuzi, na mwenye nyundo husikiliza.

Siku nne walitulisha vizuri. Sato hakukosekana, na ugali, na chai ya maziwa asubuhi. Walituletea mboga waiitayo mgagani, nasi tukacheka, kwani ni chinsaga yetu ile ile. Wakatufundisha kusema "Mwangaluka" kwa Kisukuma, tukawafundisha kusema "Bwakire". Vijana wao wakitukuta njiani walisema "Shikamoo", nasi tukajifunza kujibu "Marahaba" bila kusitasita.

Usiku wa mwisho walikusanyika ua wa mzee mmoja, mwenyekiti wao, watu kama ishirini. Tukatoa zawadi yetu, ubao wa bao uliochongwa kwa jiwe la Tabaka. Hapo tuliaibika kidogo, maana hapa tunachonga bao kwa kuuza, lakini kati yetu watano hakuna aliyejua kulicheza sawasawa. Wazee wakatufunga mchezo baada ya mchezo, na watoto wakashangilia.

Mzee mmoja aliyepata kuwa kuli bandarini akatuambia habari za zamani. Alisema, katika miaka ya 1960 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa na meli mbili za kubeba mabehewa katika Ziwa Victoria, moja yaitwa Uhuru, nyingine Umoja. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, mali ikagawanywa. Uhuru ikabaki Kisumu, Umoja ikabaki Mwanza. "Tazameni," akasema, "nchi moja ilichukua Uhuru, nyingine ikachukua Umoja, na mfanyakazi hakupata hata kamba ya kufungia meli." Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Tangu Februari 1977 hata Novemba 1983 mpaka ule ulifungwa. Yeye alikuwa na rafiki Kisumu, kuli mwenzake. Waliagana asubuhi moja kama watu watakaoonana wiki ijayo, na hawakuonana tena. Kwa hiyo, alisema, yeye hamwagi mtu kwa haraka.

Baada ya chakula mmoja wa akina mama wetu alikwenda jikoni kusaidia kuosha vyombo. Huko akasikia jambo. Wenyeji wetu wana mfuko wa kusaidiana. Kila Jumamosi kila mmoja hutoa shilingi elfu moja ya Tanzania, na fedha hiyo ni ya kuuguzana na kuzikana. Sasa mfuko ule ulikuwa karibu mtupu. Samaki tuliokula, maziwa, hata godoro tulizolalia, vililipwa humo. Na ndani ya nyumba ile ile alikuwamo mtu mgonjwa wa kifua, mvunja kokoto wa miaka mingi, aliyekuwa akingoja nauli ya kwenda hospitali. Hawakutuambia, kwa sababu mgeni haambiwi.

Mama yule alikuja akatuita pembeni, tukanong'onezana kwa Ekegusii. Mmoja wetu akasema tuchange tulicho nacho tuwape. Mwingine akasema, hasha, kumlipa mwenyeji chakula chake ni kumtukana. Wa tatu akasema tuondoke kimya, tutume fedha tukifika nyumbani. Tulikuwa bado twabishana, mara mzee mmoja aliyeketi karibu akakohoa akasema, "Wanangu, mimi ni Mkuria wa Tarime. Lugha yenu na yangu zimezaliwa nyumba moja. Nimewasikia tangu neno la kwanza."

Sote tukanyamaza. Kisha mzee yule akatukata kauli kwa namna ambayo hatukuifikiri. Alisema, "Mkilipa kama wageni mmetuvunjia heshima. Mkichanga kama wanachama, nani atawakataza?" Akamwita mama mweka hazina alete daftari. Tukaandikwa majina yetu matano chini ya majina yao, kila mmoja akatoa kiingilio na michango ya miezi sita. Mweka hazina alihesabu mbele ya wote na kusoma jumla kwa sauti. Hapakuwa na hotuba. Fedha ya nauli ya mgonjwa ikatengwa pale pale, na akaondoka alfajiri, kabla yetu.

Ndipo mazungumzo ya kweli yakaanza, yakaendelea hata usiku wa manane. Wakatuuliza sisi twafanyaje na vumbi. Tukawaambia kwamba hapa kwetu akina mama husugua vinyago ndani ya maji, na kwa hiyo kazi ile haina vumbi. Lakini wanaume wakatao na kuchonga jiwe kavu hulivuta vumbi kutwa. Tukawaeleza pia tuliyofundishwa: jiwe gumu la miamba lina chembe za silika, na vumbi lake likiingia mapafuni kwa miaka huleta ugonjwa usiopona, tena humfungulia mlango kifua kikuu. Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Afya Duniani walianza mwaka 1995 mpango wa kuumaliza ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030. Lakini hakuna shirika litakalokuja kummwagia mtu maji juu ya jiwe lake. Kulowesha jiwe kabla ya kulipiga, kukaa upande upepo utokako, kutojifunga kitambaa tu na kudhani umejikinga, hayo ni mambo ya kuanza wenyewe. Mwenye kuajiriwa ana sheria ya fidia, Kenya ya mwaka 2007 na Tanzania ya mwaka 2008. Lakini yule ajiitaye mwajiri wake mwenyewe, amdai nani? Huyo hana ila mfuko wa wenzake.

Ndugu, hayo ndiyo tuliyowaletea. Na si maneno matupu, kwani yamekwisha kujaribiwa. Mwezi wa pili baada ya kurudi, mvua ilipozidi na ukuta wa shimo ukaporomoka ukamvunja mguu mwenzetu, ninyi mwajua tulivyohangaika. Siku ya tatu ikaingia fedha kwa simu kutoka Mwanza, pamoja na ujumbe wenye majina kumi na manane. Walisema, "Huyu ni wa kwetu pia." Haikuwa fedha nyingi. Ilitosha dawa na mabati mawili ya mlango wa mgonjwa. Lakini mke wa mwenzetu alisema kwamba majina yale yalimfariji kuliko fedha.

Jambo hili si geni kwa wafanyakazi. Mwaka 1955 Tom Mboya wa Kenya alikwenda Tanganyika kushauriana na viongozi wa wafanyakazi huko, na mwaka huo huo likaundwa Shirikisho lao, Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu. Siku hizo hapakuwa na simu ya mkononi. Siku hizi Jumuiya imerudi, mkataba wake ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na soko la pamoja likaanza mwaka 2010. Wenye mali wamekwisha kuutumia mlango huo. Sisi je?

Kwa hiyo twawashauri haya, kwa yeyote atakayesafiri ugenini, iwe Mwanza, Kampala au mbali zaidi.

La kwanza, usiku wa mwisho usiutumie kufunga mizigo. Funga mchana, usiku uketi na watu.

La pili, uliza wenyeji wako wanaugua nini na huzikanaje. Ukijua hayo umewajua.

La tatu, usiahidi usichoweza. Ahadi nyingi za usiku wa kuagana hufia mpakani. Afadhali uahidi shilingi mia na kuituma, kuliko kuahidi kisima.

La nne, andika majina na namba za simu katika daftari la chama, si katika simu yako peke yako. Simu huibwa, na mtu huhama. Daftari hubaki.

Mwisho twaleta shauri mbele yenu lipigiwe kura. Baada ya mavuno wenzetu wa Mwanza watakuja hapa Nyamarambe, watu sita. Twaomba mambo mawili. Moja, chakula na malazi yao vitoke katika mchango maalumu tutakaouanza leo, wala mfuko wa wagonjwa usiguswe hata senti. Pili, ufunguliwe ukurasa katika daftari letu la kusaidiana, waandikwe humo kama sisi tulivyoandikwa kwao, kwa mchango ule ule na haki ile ile.

Daftari liko mezani kwa katibu, na kalamu iko juu yake. Wenye nyumba zenye nafasi ya kulaza mgeni waandike kwanza.