Herufi Kubwa katika Barua za Kazi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kibiti)



Jambo langu leo ni dogo, lakini laweza kumchelewesha mtu mshahara wake. Tuseme mpiga kasia mmoja wa delta ya Rufiji aitwa Juma. Karani aandika: "Fedha za juma zipelekwe Nyamisati." Mweka hazina adhani ni fedha za siku saba, aziweka mpaka Jumamosi; na Juma alala njaa. Kosa ni herufi moja tu.

Hapa kwetu mitego ni mingi. Simba Uranga ni mmoja wa milango ya Mto Rufiji. Simba ni mnyama. Pwani ni jina la mkoa wetu. Pwani ni ufuko wo wote. Basi aandikiwaye "nenda pwani" atakwenda wapi?

Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina kubwa wala ndogo. Wajerumani nao huandika kila jina la kitu kwa herufi kubwa. Sisi twashika njia ya katikati: herufi kubwa mwanzo wa sentensi, na katika majina ya watu, mahali, makabila, lugha na miezi.

Lakini wako waandikao Barua, Fedha na Mashua, wakidhani ndiyo heshima kwa wakubwa. Mabwana, heshima ya karani si ukubwa wa herufi, bali ni kumwepusha msomaji na kosa. Kabla ya kutia sahihi, tusome tena majina yote.